Boksi la Chapa Nyingine

Siku yenyewe ilikuwa ya joto, na lile duka la vifaa vya umeme limejaa watu mpaka mlangoni. Mnayajua maduka ya namna ile, wajukuu zangu. Simu zimepangwa ukuta mzima, nyaya zinaning'inia, feni inazunguka kwa heshima tu maana upepo wake haumfikii mtu, na kila mteja anaamini yeye ndiye ana haraka kuliko wenzake. Mbele kwenye kaunta alisimama kijana mmoja fundi wa mitandao, mrefu, mwembamba, shati la bluu lenye mifuko mingi na kila mfuko una bisibisi. Wenzake walimpa jina la Antena. Mama yake mzazi aliposikia alicheka, akasema jina limemkaa.

Antena alikuwa anatafuta boksi la waifai, na si boksi lolote. Alikuwa na kazi kwenye jumba moja kubwa, zile nyumba za siku hizi zinazojiendesha. Mwenyewe anabonyeza simu, taa zinawaka, geti linafunguka, mapazia yanajivuta, hata birika nasikia linaamrishwa lichemke. Sasa nyumba kama hiyo uhai wake ni mtandao. Chini alikwisha weka ruta kuu na vikorokoro vyake vyote vya chapa moja, na kwa ghorofani alitaka boksi la chapa ileile ili vielewane. Muuzaji akamwambia la chapa ile limekwisha, lipo la chapa nyingine, zuri vilevile. Antena akatikisa kichwa. Kwa kawaida yake hapo angeondoka akajaribu duka lingine, na lingine, mpaka jua lizame, kwa sababu alikuwa mtu wa kuchagua.

Lakini nyuma yake ikatoka sauti.

"Kaka, kama ni kuoa, oa. Kama ni kuacha, acha. Sisi wengine tuna kazi."

Foleni nzima ikacheka. Antena akageuka amjibu. Alikuwa dada mmoja mfupi, gauni la rangi ya udongo lililomkaa kama limeshonwa akiwa ndani yake, futi ya kupimia imezungushwa shingoni kama mkufu, na kwenye kola amechomeka pini zimejipanga. Mkononi amekumbatia katoni la mota za mapazia. Dada huyo alikuwa mshonaji, na kwa sababu ya hizo pini na kwa sababu ya ulimi, mtaani kwao walimwita Sindano.

Antena akalipia lile boksi la chapa nyingine. Siwafichi, hakulitaka. Alilichukua kwa sababu aliona dada amehamia kwa muuzaji wa pili, anamaliza kulipa, na yeye hakutaka abaki ndani wakati mwenzake anatoka.

Nje akaomba amsaidie katoni. Sindano akamwangalia kuanzia viatu mpaka juu, safari ndefu ile, akamuuliza yeye ni fundi au mchukuzi. Antena akasema leo atakuwa chochote kinachohitajika. Wakaenda wanataniana, wakapeana namba za simu, kila mmoja akimsubiri mwenzake achepuke njia yake, na hakuna aliyechepuka, mpaka wakajikuta wamesimama mbele ya geti moja. Kumbe nyumba ni ileile. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja daktari wa meno, aliyekuwa akiishi na mama mkwe wake, na alitaka kila dirisha liwe na pazia linalojifungua lenyewe. Mtandao wa Antena, mapazia ya Sindano.

"Unanifuata," Sindano akasema.

"Nimekutangulia hatua mbili."

"Ndiyo namna mbaya zaidi ya kumfuata mtu."

Sasa nieleze kidogo habari ya maboksi, nieleze kama nilivyoelezwa, maana mimi shule sikukaa. Ruta kuu kazi yake ni kumpa kila kifaa namba yake. Taa ina namba, geti lina namba, pazia lina namba, ndiyo maana ukiamrisha taa haliitiki geti. Ni kama yule karani wa zahanati anayegawa namba za foleni. Boksi la pili halitakiwi kugawa namba, linatakiwa kupeleka mawimbi tu. Maboksi ya chapa moja hujuana yenyewe nani mkubwa. Lakini ukileta la chapa nyingine, nalo linakuja likijiona ndilo karani, na ni lazima fundi aingie ndani yake kwa kompyuta alizime hiyo kazi, aliambie wewe hapa si mkuu. Usipolizima, mnakuwa na makarani wawili mlango mmoja. Wewe una namba saba, na bibi yule naye ana saba, na daktari akiita saba mnaingia wote mnagongana.

Antena alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Alipanda ghorofani, akalifunga boksi darini, akafungua kompyuta yake ndogo. Hapo simu ikaita.

"Uko wapi?" akauliza Sindano.

"Juu. Wewe je?"

"Chini, sebuleni."

"Sasa si ungeita tu kwa mdomo."

"Kwa simu sauti yako haina majivuno. Nimeleta maji ya baridi, mrefu wangu. Yatapata moto."

Mrefu wangu. Neno dogo tu, lakini kijana aliteremka ngazi kama anayefukuzwa. Aliporudi juu taa zote za boksi zilikuwa za kijani, kila kitu kinaitika, akafunga kompyuta akijua kazi imekwisha. Kazi ilikuwa bado kitufe kimoja, kile cha kumzima karani wa pili.

Mapenzi yakapanda. Jumapili walikaa kwenye benchi la bustani ya manispaa, Sindano akimhesabia makosa ya kushona kwenye nguo za wapita njia, Antena akicheka mpaka anashika mbavu. Asubuhi simu, mchana simu. Sindano akamsimulia habari zake. Alilelewa na shangazi yake, ndiye aliyemfundisha cherehani, na duka la kushona ni la shangazi. Macho ya shangazi yalikuwa yanaisha. Uzi alikuwa anautunga kwa kupapasa. Na Daktari, kwa kufurahia mapazia, alikuwa ameahidi kuwasemea kwenye hospitali mpya inayojengwa, washone mapazia ya wodi zote. Shangazi hakuwa na ndoto nyingine. Alitaka ile kazi ipatikane kabla hajaacha kuona, ili mtoto abaki na duka lililosimama. Sindano akasema, akiangalia mbele, kwamba wao mafundi wa nguo hawana vyeti, wana jina tu, na jina likichafuka hakuna sabuni.

Antena akamshika mkono akamwambia halitachafuka.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja mama mkwe wa Daktari alikuwa chumbani ametoka kuoga, mama wa heshima zake, anajifuta taratibu. Nyumba ya jirani mafundi wa rangi wako juu ya majukwaa yao. Pazia likafunguka. Si kidogo, likajivuta mpaka mwisho wa reli, polepole, kwa adabu kabisa, kama jukwaani. Bibi wa watu aliinama nyuma ya kitanda akakaa hapo mpaka adhuhuri, na hata alipotolewa hakutaka kula na mtu.

Zile mota tabia yake ni hiyo. Zikipoteza mtandao na kuupata tena, zinajipima upya, zinafungua mpaka mwisho ndipo zijue zilipo. Na kule juu zilikuwa zinapotea na kurudi, zinapotea na kurudi, namba zinagongana. Lakini Daktari aliona nini? Aliona pazia. Pazia ni la mshonaji. Akamwita Sindano.

Sindano alikuja mbio na Antena akaja naye kumsaidia. Asubuhi nzima dada yuko juu ya ngazi anashusha mota moja moja, anafungua, anapuliza, anarudisha, na kijana yuko chini ameishika ngazi isiteleze. Katika kushika akatoa simu aangalie orodha ya vifaa. Akaona vifaa viwili, namba moja. Akashuka na macho yake, akaona vingine viwili.

Alielewa papo hapo. Akasahau ngazi, ikatikisika, na Sindano akamwambia kutoka juu, "Nishike vizuri, kipenzi, nisije nikavunjika na aibu ikawa mbili."

Alifungua mdomo aseme. Wallahi alifungua. Lakini Daktari alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa anaongea kwa ile sauti ya chini ya watu waliosoma wanapokasirika. Alisema alimwamini mtu wa mtaani kwa kumhurumia, sasa atatafuta mtu anayeijua kazi. Na habari ya hospitali isahauliwe, hawezi kuwapelekea wagonjwa mapazia ya kuwavua nguo. Sindano akateremka. Nje ya geti ndipo alipolia, na Antena akamfuta machozi kwa kitambaa chake mwenyewe, akamwambia asijali.

Moyoni alikuwa na hesabu yake. Kwanza nitengeneze, halafu nitasema. Kesho yake akaenda kwa Daktari akijifanya anakagua, akaling'oa lile boksi, akaweka la chapa moja na ruta, kimya kimya, akatoka. Naam. Tatizo likaisha.

Ila sikilizeni lilivyoisha. Juma lilelile Daktari alikuwa ameleta mtu mwingine wa mapazia, bwana mmoja mwenye gari lililoandikwa jina la kampuni yake ubavuni, akabadilisha mota zote. Tangu siku hiyo pazia halikufunguka ovyo tena. Daktari akawaambia wenzake wote kazini, mnaona, nilijua ni yule dada. Yule bwana ndiye aliyepewa hospitali. Kwa hiyo Antena, kwa kuficha kosa lake, alikuwa ameligongea muhuri juu ya Sindano. Angeliacha boksi palepale, mapazia ya yule bwana nayo yangemkosea adabu mama mkwe, na watu wangeuliza maswali.

Kuanzia hapo kijana hakulala vizuri, na asiyelala huwa mkarimu kupita kiasi. Leo kaleta kilemba, kesho viatu. Anapiga simu kuuliza kama Sindano amekula, baada ya saa anapiga tena kuuliza kama ameshiba. Dukani anabeba majora ya shangazi, anafagia vipande vya vitambaa, anamtungia uzi, na yule mama anambariki, "Mungu akupe watoto wenye moyo kama wako, mwanangu," na kila baraka inamwingia kama pini. Sindano ndiye aliyekuwa akimbembeleza yeye. Alimwambia asihuzunike kwa ajili yake, eti pengine kweli alikosea kuzifunga, mota zile zilikuwa ngeni kwake. Alianza kuamini. Wateja wa kawaida walipokuja na pindo la suruali alilipima mara tatu kabla ya kukata.

Hilo ndilo lililomshinda Antena. Kumwona mkono wake unasita.

Lakini Sindano hakuwa mjinga. Alijua mwanamume akinyenyekea bila kuombwa ana jambo. Akampigia simu mchana mmoja, sauti kavu, akamtaka waonane bustanini. Alikuja na vile viatu alivyopewa, ndani ya boksi lake, akaviweka katikati ya benchi.

"Ni nani?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Usinizungushe. Zawadi zako zina harufu ya kutubu. Niambie jina lake nimalizane nalo."

"Hakuna mwanamke."

"Antena."

"Hakuna mwanamke. Ni boksi."

Akamweleza yote, kuanzia kaunta ya duka, makarani wawili, namba kugongana, mota kujipima. Alisema alipogundua, na alipokuwa amesimama wakati anagundua. Hakusema simu iliyomsahaulisha ilikuwa ya nani. Hilo alilimeza, na nadhani ndilo jambo moja la kiungwana alilofanya mwezi ule.

Mtu alipita na baiskeli, akapita mwingine.

"Afadhali ingekuwa mwanamke," akasema. "Mwanamke ningemwelewa. Ulinishikia ngazi. Nilikuwa juu kule natafuta kosa langu, na wewe chini umelishika kwenye simu yako. Nikalia, ukanifuta."

"Nilitaka nitengeneze kwanza."

"Ulitengeneza nyumba ya Daktari. Mimi uliniacha nimeharibika."

Akaondoka. Viatu vikabaki kwenye benchi. Simu yake ikawa haipokelewi, halafu ikawa haipatikani kabisa kwa namba ya Antena.

Kijana angeweza kukaa akinung'unika, akimtumia salamu kwa marafiki. Hakuthubutu. Alijua kumwambia Sindano peke yake hakujasafisha kitu, alikuwa ametua mzigo mapajani mwa yuleyule aliyeumia. Akaenda kliniki ya Daktari. Ukumbi umejaa watu wameshika mashavu. Aliambiwa asubiri, akasubiri, na Daktari alipotoka mlangoni na glavu zake, Antena akasimama na kusema palepale kwamba mapazia hayakuwa na kosa, mshonaji hakuwa na kosa, kosa lilikuwa lake yeye. Mzee mmoja mwenye pamba mdomoni akaacha hata kuguna ili asikie.

Daktari akamwuliza atajuaje kama hasemi hivyo kwa sababu ya mapenzi, maana aliwaona walivyokuwa wakiangaliana sebuleni kwake.

"Nasema kwa sababu hiyohiyo," Antena akajibu. "Lakini ni kweli. Nipe siku moja nikuonyeshe."

Jumamosi akarudisha lile boksi la chapa nyingine darini, vilevile lilivyokuwa, karani wa pili na kiburi chake. Mapazia sasa yalikuwa ya yule bwana mwenye gari lililoandikwa, na mota zake mpya. Wakakaa ghorofani wakingoja, Daktari, mama mkwe aliyejifunga kanga mbili kwa tahadhari, na Antena amesimama kama mshtakiwa. Chai ikapoa. Halafu pazia la chumba cha bibi likajivuta, taratibu, mpaka mwisho wa reli. Likafuata la varandani. Mama mkwe akalitazama, akamtazama kijana, akasema, "Kumbe ni wewe uliyenivua nguo." Antena akainamisha kichwa. Alizima kile alichotakiwa kukizima tangu mwanzo, akawaonyesha mapazia yanavyotulia, kisha akakusanya vifaa vyake. Daktari akamwambia asirudi tena katika nyumba ile, na akiulizwa habari zake atasema ukweli. Antena akasema ni haki.

Msifikiri alitoka mwepesi. Watu husema ukikiri unapumua. Yeye alitembea mpaka kwao akihesabu waliokwisha ambiwa kwamba Sindano hajui kazi, na hakujua angewapata wapi wote.

Daktari alikwenda dukani mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akamwomba msamaha Sindano mbele ya shangazi na mbele ya wateja wawili waliokuja kuchukua sare za shule, na akaahidi kuwaambia wenzake jinsi ilivyokuwa. Lakini kazi ya hospitali ilikuwa imekwisha kwenda kwa mwingine. Vitambaa vya wodi vimekatwa, vingine vimetundikwa. Shangazi akashukuru, akamsindikiza mpaka nje, akarudi kwenye cherehani yake akapapasa mahali alipoacha.

Zikapita siku. Kisha mchana mmoja Antena yuko juu ya paa la mtu, simu ikaita, na namba ilikuwa yake.

"Njoo dukani," Sindano akasema. "Usije na kitu."

Alikuja mikono mitupu, hajui pa kuiweka. Duka lile lilikuwa jembamba, majora yamesimama kila upande, na nyuma kuna pazia dogo linalotenga mahali anapokaa shangazi. Cherehani yake ilikuwa inasikika. Sindano alikuwa anakata kitambaa cheupe mezani, mkasi unakwenda moja kwa moja bila kusita, gauni lake jeusi, pini kwenye kola. Hakuinua macho.

"Ile kazi ya hospitali haitarudi."

"Najua."

"Shangazi ataacha kuona kabla haijaja nyingine kama ile."

"Najua."

"Usiniambie najua. Nataka nikwambie tu, halafu unyamaze." Akaendelea kukata. "Nimejaribu kukuchukia, nimeshindwa. Nimejaribu kukusamehe, nako pia hakujaisha. Kuna siku nitaamka nikukumbushe, bila sababu, tumekaa vizuri tu. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Usininunulie kitu ili nisahau. Usifagie duka ili nisahau. Hilo jambo ni lako, ukae nalo." Mkasi ukasimama. Akamtazama kwa mara ya kwanza, na macho yalikuwa yamejaa. "Ila ukae nalo hapa. Mahali ninapokuona."

Antena hakuelewa, au alielewa akaogopa. Akauliza kwa sauti ndogo, hapa maana yake ni hapa dukani?

"Mwanamume mrefu hivi," Sindano akasema, "na mambo yote yanakupita juu ya kichwa. Nakwambia hapa kwangu. Kwa maisha. Unataka nikuchoree?"

Kijana akakaa chini juu ya jora. Alisema ndiyo. Alisema mara nyingi, nyingine hazikutoka na sauti, na Sindano akaja akasimama karibu yake, kwa mara moja akiwa yeye ndiye mrefu, akamwekea mkono kichwani.

Hapo ndipo walipogundua kwamba cherehani kule nyuma ilikwisha nyamaza kitambo.

"Nimeishiwa macho, masikio ninayo," shangazi akasema kutoka nyuma ya pazia. "Huyo kijana aje na mama yake. Na yeye mwenyewe asimulie alichofanya, mbele yetu sote, kuanzia mwanzo. Asimwachie mtu mwingine amsemee."

"Nitasimulia, shangazi," Antena akasema.

"Bado sijawa shangazi yako," akajibiwa, na cherehani ikaanza tena.